Muulize Mjomba wa Shamba: Eti Ireland mkulima analipwa hata kama hajauza kitu?

Mwezi huu meseji zimejaa na nyingi zinazunguka kitu kimoja, hela ya serikali kwenye kilimo. Nadhani ni msimu wa Bunge la bajeti, watu wanasikia matrilioni yanatajwa hapa mjini kila siku alafu wakigeuka kuangalia shamba lao hawayaoni. Ila iliyowasha moto ni hii ya kwanza ya msomaji wa Kongwa, baada ya kuigusia toleo lililopita wengine wote wameidandia, kwahiyo nimeziweka pamoja. Wale wa kideri cha kuku subirini toleo lijalo, msininunie.

Shikamoo Mjomba. Mdogo wangu yuko Ireland anafanya kazi kiwanda cha nyama, anasema wakulima wa kule wanaingiziwa hela benki kila mwaka na serikali, hata kama hujauza ng'ombe hata mmoja, unalipwa kwa ukubwa wa shamba tu. Hapa kijiweni tumebishana mpaka watu wamenuniana. Ni kweli au anatupiga kamba? Na hiyo hela wanaitoa wapi? (Msomaji, Kongwa)

Marahaba mpwa. Mdogo wako hajawapiga kamba, ila stori kaikata katikati.

Ireland iliingia Jumuiya ya Ulaya mwaka 1973, siku moja na Uingereza na Denmark, na tangu hapo sehemu kubwa ya hela ya wakulima wake inatoka kwenye mfuko wa pamoja wa Ulaya, serikali ya Dublin inaongezea ya kwake juu. Mpango unaoendelea sasa ni wa 2023 mpaka 2027 na una euro bilioni 9.8 kwa hiyo miaka mitano. Sasa hiyo ni nchi yenye mashamba kama 135,000 tu, wastani wa shamba moja ni hekta 33, yaani ekari 80 na kitu. Wachache, hela nyingi, piga hesabu mwenyewe.

Inavyokwenda ni hivi. Mkulima anajaza maombi mtandaoni, mwisho katikati ya mwezi wa tano, anaonyesha kwenye ramani kila kipande cha shamba lake na anakitumia kwa nini, alafu setilaiti zinapita juu kuhakikisha kwamba ulichosema ni majani kweli ni majani na sio nyumba ya shemeji yako. Mwezi wa kumi anaingiziwa sehemu ya kwanza, iliyobaki Desemba. Analipwa kwa hekta, hekta 30 za kwanza zina nyongeza yake ili mdogo asimezwe na mkubwa, na kwenye yale malipo ya msingi hakuna mmoja anayevuka euro 66,000. Na sio bure kabisa, kuna masharti, usichafue mto, usikate ua wa miti kipindi ndege wanataga, na lazima uwe mkulima kweli. Pembeni kuna mafungu mengine, la mazingira, la kujenga mabanda na kununua vifaa ambapo serikali inarudisha asilimia 40 ya gharama na kwa kijana inafika 60.

Sasa hiyo ya "hata kama hujauza ng'ombe" ina historia yake, na aliyeianzisha ni muairishi mwenyewe. Zamani Ulaya walikuwa wanalinda bei, soko likianguka serikali inanunua mzigo wote kwa bei nzuri, matokeo yake kila mtu akazalisha tu bila kujali mlaji, miaka ya 80 maghala yakajaa siagi mpaka ikaitwa milima ya siagi. Mwaka 1992 kamishna wa kilimo wa Ulaya alikuwa Ray MacSharry, mtu wa Sligo, akapunguza ulinzi wa bei na kuanza kumlipa mkulima moja kwa moja. Kwanza walilipwa kwa kichwa cha ng'ombe, kufika 2005 Ireland ikakata kabisa uhusiano kati ya malipo na idadi ya mifugo. Ndo maana unalipwa ukiuza usipouza.

Ila kipande ambacho mdogo wako hajakwambia ndio chenye utamu, au uchungu. Taasisi yao ya utafiti na ugani inaitwa Teagasc, kila mwaka inapekua vitabu vya mashamba na kutoa mapato. Kwa wafugaji wa ng'ombe wa nyama na kondoo, kwa miaka mingi, ruzuku imekuwa kubwa kuliko kipato chote kinachobaki shambani baada ya gharama. Soma tena taratibu. Maana yake anauza ng'ombe, analipa chakula, dawa, dizeli, fundi wa trekta, akimaliza kaingia hasara, alafu ile hela ya serikali inaziba shimo na kinachobaki ndio anaita kipato. Wengi mchana ni walimu, madereva, mafundi ujenzi, ng'ombe wanawaangalia jioni na wikiendi. Kwahiyo analipwa kweli, lakini ukiniuliza kama biashara yake inasimama yenyewe nakujibu haisimami. Nendeni mkasalimiane hapo kijiweni.

Mjomba kwema? Mimi nalima zabibu Hombolo. Baada ya kusoma hayo nauliza, kwanini na sisi serikali isitulipe kwa ekari kama wenzetu? Mwaka huu nimevuna vizuri na mnunuzi hakuja, kreti zimekaa barabarani siku nzima na jua hili, mwisho nikauza kwa bei ya aibu. Ningekuwa na hiyo ya Ireland nisingelia. (Mkulima wa mchuzi)

Mbukwenyi mkulima. Pole sana, na hiyo picha ya kreti pembeni ya lami naijua, nyuki wamezijaa, zabibu za chini zimeanza kuchuruzika, kila gari likipunguza mwendo unasimama, kumbe dereva anakwepa shimo. Zabibu haina subira kama mtama. Mtama unaweka kihenge unasubiri bei, zabibu ukiikosea siku mbili imekuwa kitu kingine.

Lakini hesabu ya kulipwa kwa ekari haitoki, na sio kwamba watu ni wabaya. Ireland walioko shambani ni wachache, wanaokwenda ofisini na viwandani ni wengi, alafu na Wajerumani na Wafaransa wanachangia mfuko. Kwetu asilimia kama 65 ya nguvukazi iko kwenye kilimo. Nani atamlipa nani? Bajeti ya Wizara ya Kilimo imepanda kweli, hapo sitaki ubishi, 2021/22 ilikuwa Sh bilioni 294, ikaruka mpaka 954 mwaka uliofuata, na 2024/25 ikafika trilioni 1.249. Sasa chukua hiyo trilioni 1.249 yote, funga vituo vya utafiti, simamisha mabwawa, usilipe mshahara wa afisa ugani hata mmoja, gawa kwa kaya za kilimo ambazo sensa ya 2019/20 ilihesabu kama milioni 7.8. Kila kaya inapata kama laki moja na sitini. Kwa mwaka. Inalipa pingili? Inanunua nguzo na waya wa ekari moja? Haifiki hata kwenye kupruni na dawa ya ubwiri unga.

Na hela nyingi peke yake isiwatie wivu, sisi watu wa Dodoma tuna kumbukumbu. Pale Kongwa mwaka 1947 Waingereza walikuja na mpango wa karanga, matrekta, reli, maelfu ya wafanyakazi, walitaka mafuta ya kula baada ya vita. Hawakuuliza Mgogo mvua inanyeshaje, udongo ukikauka ukawa kama saruji, majembe yakavunjika, mibuyu ikawashinda. Januari 1951 wakafunga, pauni milioni 36 zikafutwa vitabuni. Zile zilikuwa hela za serikali, nyingi kuliko ambazo mimi na wewe tutaziona, na hakuna hata kopo la mafuta la maana lililotoka.

Kwahiyo mimi ningekuwa wewe, mbunge akija jimboni nisingemwambia nipe hela ya ekari. Ningemuuliza mchuzi wangu, yaani maji ya zabibu yanayotengenezea mvinyo, unakwenda wapi. Angalia, kuna kitu kimoja serikali ilifanya ambacho hakiitwi ruzuku na watu wengi hawakijui: mvinyo uliotengenezwa kwa zabibu za ndani zaidi ya asilimia 75 unatozwa ushuru wa bidhaa mdogo sana kuliko mvinyo wa nje. Hapo hujaingiziwa senti benki, lakini mwenye kiwanda ana sababu ya kuja Hombolo badala ya kuagiza mchuzi wa ng'ambo. Hicho ndicho cha kubana, kwamba hiyo asilimia 75 inakaguliwa kweli au ni ya kwenye lebo tu. Cha pili matenki. Kikundi chenye tenki la kusindika na kuhifadhi mchuzi hakisimami barabarani na kreti, kinasubiri mnunuzi kikiwa kimekaa. Mkopo wa namna hiyo kutoka benki ya kilimo, TADB, au hizi benki kubwa zilizoshusha riba ya kilimo mpaka asilimia 9, unaombwa na chama chenye vitabu vinavyosomeka, mtu mmoja mmoja mtasumbuana na dhamana mpaka mchoke. Na uliza na TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo, pale Makutupora, hiyo ni kazi yao, aina gani ya zabibu wanunuzi wanaitaka sasa hivi kabla hujapanda tena pingili kwasababu jirani kapanda.

Mjomba mimi nina umri wa mama yako, nalima mahindi na alizeti na nauza Kibaigwa. Naona unaiponda ruzuku. Mbona ya mbolea imetusaidia? Au wewe hulimi? (Mama wa Kibaigwa)

Shikamoo mama yangu. Nalima mama, ekari mbili za mtama na mbili za alizeti Chamwino, na siipondi.

Ile ya mbolea ilikuja kipindi chake, 2022 bei dunia nzima ilikuwa imepasuka baada ya vita ya Ukraine, mfuko wa DAP umevuka laki moja, Agosti 8 Rais Samia akaizindua Mbeya na mfuko ukashuka mpaka elfu sabini. Mkulima wa Mbeya na Njombe alipona. Ila wewe na mimi tuko kwenye mvua ya milimita 500 na kitu, ikija Desemba ikikata Februari, mbolea bila maji ni kuunguza mahindi kwa hela ya serikali. Kwa ukanda huu shilingi ile ile ningeiweka kwenye bwawa kwanza, kama Membe kule Chamwino na Msagali kule Mpwapwa, na kwenye mbegu ya muda mfupi ya mtama inayotoka Hombolo.

Na hiyo alizeti mama, unakumbuka msimu wa 2023? Mafuta ya nje yaliingia kwa wingi, bei ya gunia ikaporomoka, Singida na Dodoma watu wakalia mpaka suala la ushuru wa mafuta likarudi bungeni. Pale hakuna mbolea ya ruzuku ingekuokoa. Uamuzi wa mstari mmoja kwenye kitabu cha ushuru ulikula faida yako yote. Ndio maana nawaambia watu wasikilize hotuba ya Waziri wa Fedha kuliko hata ya Waziri wa Kilimo, ya kilimo inakwambia utapewa nini na ile ya fedha inakwambia utauza kwa bei gani.

Mambo Mjomba. Nasoma UDOM. Kama wakulima wa nyama wa Ireland wanaishi kwa ruzuku, mbona siagi yao imejaa mpaka Marekani? Hao wanashindana au hawashindani? (Mwanachuo)

Poa mpwa, swali zuri kuliko yote, ngoja nivue viatu.

Shamba la maziwa na shamba la nyama kule ni nchi mbili tofauti. Ng'ombe wa maziwa wa Ireland anashindana na yeyote duniani, na sababu ya kwanza ni majani. Mvua inanyesha mwaka mzima, hakuna baridi kali wala joto kali, majani yanaota kama hayana akili. Ila hata majani yanataka akili ya mtu. Wanapanga ng'ombe karibu wote wazae mwanzo wa mwaka, Februari na Machi, ili maziwa yapande wakati uleule majani yanapopanda, gharama ya chakula inashuka kuliko Mholanzi anayenunua pumba. Na mkulima anatembea uwanjani kila wiki na fimbo yenye sahani chini, anaiweka juu ya majani, sahani inapanda, inasoma urefu, hatua chache anaweka tena, kipande hadi kipande. Namba zinaingia kwenye simu, programu ya Teagasc inamwambia una majani ya siku ngapi, ng'ombe wahamie kipande kipi, kipi kikatwe kihifadhiwe. Jamani kupima majani! Sisi tunapima kwa jicho na kwa kuuliza jirani. Hiyo programu, watafiti walioitengeneza, afisa ugani anayekaa na kikundi cha wakulima wakikagua namba za mwenzao bila aibu, vyote ni hela ya serikali pia. Ila hii hailipi mtu kwa kuwepo, inamfanya ajue.

Sababu ya pili ushirika. Kiwanda cha kwanza cha siagi cha ushirika kilianza 1889 kijiji cha Dromcollogher, Limerick, bwana mmoja Horace Plunkett akizunguka kuwashawishi watu wasikubali kupangiwa bei. Mwaka 1961 serikali ikaunda bodi ya maziwa ya kuuza nje kwa pamoja, mwaka uliofuata wakatoa jina moja, Kerrygold. Kabla ya hapo kila kiwanda kilikuwa kinapeleka siagi Uingereza bila jina, inachanganywa huko, bei anapanga mwingine. Leo Kerrygold ni ya pili kwa mauzo ya siagi Marekani, na kampuni nyuma yake bado ni ya vyama vya ushirika vya wakulima. Mchuzi wetu wa zabibu ungekuwa na jina moja la namna hiyo… basi niache.

Sababu ya tatu, kuanzia 1984 Ulaya iliwawekea kikomo cha maziwa, kikafutwa Machi 31, 2015. Waairishi walikuwa wamejiandaa miaka, mbegu za ng'ombe, viwanda, mikopo. Mlango ulipofunguka wakatoka kama lita bilioni 5 na nusu kwa mwaka mpaka zaidi ya bilioni 8.

Lakini usidhani ni peponi. Mwaka 2022 wastani wa kipato cha shamba la maziwa ulivuka euro 150,000, mwaka uliofuata bei ikaanguka ukawa kama 49,000. Asilimia kama 90 ya maziwa na nyama yao inauzwa nje, dunia ikipiga chafya wanaugua wao, na mwaka 2025 Marekani iliweka ushuru wa asilimia 15 kwa bidhaa nyingi za Ulaya. Alafu kuna la mazingira. Ng'ombe wakiongezeka na samadi inaongezeka, nitrojeni inaingia mitoni, Ulaya ikawabana, kikomo cha samadi kwa hekta kikashuka kutoka kilo 250 za nitrojeni mpaka 220 maeneo mengi kuanzia 2024, na kilimo chao chote kimepewa lengo la kupunguza hewa ya ukaa kwa asilimia 25 kufika 2030. Kwa hiyo kila mkulima pale anajiuliza apunguze ng'ombe au akodi ardhi zaidi, na ardhi kule haiuzwi, chini ya asilimia moja kwa mwaka ndio inafika sokoni.

Kwahiyo jibu lako, maziwa wanashindana, nyama wengi wanashikiliwa. Serikali ni moja, na mfuko ni mmoja.

Vijana wa huko wanalima au nao wamekimbilia bodaboda? (Kijana, Veyula)

Wamekimbilia Australia. Sensa yao ya 2020 ilikuta wenye mashamba walio chini ya miaka 35 hawafiki asilimia 7, na theluthi moja wamevuka 65. Na hapa ruzuku ya ardhi inachangia, mzee akijua kila Desemba hela inaingia kwa hekta kwanini amwachie mwanae? Anabaki na shamba mpaka anazikwa. Serikali inajaribu kurekebisha kwa nafuu ya kodi kijana akirithishwa na ile ruzuku ya asilimia 60 ya vifaa.

Sisi tuna BBT, mashamba ya pamoja ya vijana Chinangali na Ndogowe, hapo hapo Chamwino. Naona watu wanaisifu sana au wanaitukana sana, mimi nasema kitu kimoja, kijana akipewa ardhi kabla maji hayajafika umempa kazi ya kusubiri. Maji, barabara, alafu ardhi, alafu kijana. Mpangilio ukigeuka anarudi mjini na utamkuta Sabasaba anauza makava ya simu.

Mjomba hiyo hela ya Ulaya itaendelea mpaka lini? Naona kila kitu kinakatwa siku hizi. (Msomaji, Mpwapwa)

Ndo wanabishana sasa. Mpango wa sasa unaisha 2027. Julai 2025 Tume ya Ulaya ilipendekeza bajeti ya 2028 mpaka 2034 ambayo hela ya kilimo inaunganishwa na mafungu mengine kwenye mfuko mmoja kwa kila nchi, kiasi kilichotengwa kwa wakulima kama euro bilioni 300, wakati kipindi cha 2021 mpaka 2027 ilikuwa bilioni 387. Wakulima wakaandamana na matrekta Brussels. Kinachowauma zaidi Waairishi ni kwamba hela zikiunganishwa, nchi tajiri itamuongezea mkulima wake mfukoni na nchi nyingine itashindwa, ushindani ndani ya Ulaya yenyewe unapinda. Juu ya hapo kuna mkataba wa biashara na Brazil na wenzake wa Mercosur, unaoruhusu tani 99,000 za nyama ya ng'ombe kuingia kwa ushuru mdogo. Yule mfugaji wa ng'ombe wa nyama niliyemsema juu, anayeishi kwa hundi, hapo ndio anapigwa kote kote.

Huku kwetu ahadi ni ya Maputo 2003, nchi za Afrika kutenga asilimia 10 ya bajeti kwa kilimo. Ilirudiwa Malabo 2014. Tumeongeza, hatujafika.

Mjomba, kuna dalali hapa mjini anasema anapeleka watu Ireland kufanya kazi mashamba ya maziwa na viwanda vya nyama, anataka milioni tatu ya kufungua faili. Nimeuza mbuzi, nimebakiza laki nane. Nimalizie? (Naomba usitaje mtaa)

Usimalizie. Kazi zipo kweli, Ireland inatoa vibali kwa watu wa nje kufanya kazi viwanda vya nyama na mashamba ya maziwa, na ndio maana matapeli wanaitumia hiyo stori, ina ukweli ndani. Lakini kibali kinaombwa juu ya mkataba wa mwajiri anayejulikana, kwa jina na anwani, kazi gani, mshahara kiasi gani, na sheria yao inakataza mfanyakazi kukatwa mshahara kufidia gharama za kumtafuta. Mwambie dalali akupe jina la kiwanda na nakala ya mkataba, na leseni yake ya uwakala wa ajira. Akianza maneno ya "mfumo unafungwa Ijumaa" ondoka.

Alafu nenda na hizo karatasi ofisi ya TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira, waangalie kama huyo mtu wanamjua, na kama kuna chochote umeshamlipa kwa simu usifute zile meseji za muamala, polisi watazihitaji. Mbuzi waliobaki usiwauze.